Shajara ya mradi: turbo ya kupozwa kwa maji kwenye Land Cruiser 1HZ, kwa kazi ya mlima wa Ngorongoro

Gari na kazi yake

Gari ni Toyota Land Cruiser HZJ79 iliyorefushwa kwa ajili ya watalii, makao yake Arusha. Injini ni 1HZ isiyo na turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini): silinda sita, cc 4,164, kipenyo cha silinda milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, dizeli inaungulia kwanza kwenye chemba ya awali kabla ya kuingia kwenye silinda. Torki ya kiwandani ni Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Njia yake ya kila siku ni Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, geti la Loduare, kisha ukingo wa kreta. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, ukingo wa kreta kama mita 2,300. Kila mita 1,000 za kupanda hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10, na injini isiyo na turbo hupungua nguvu vivyo hivyo, pale hasa mzigo unapozidi.

Kilichoamua muundo mzima ni sehemu moja ya safari. Baada ya geti barabara ni ya vumbi na mwinuko ni mkali hadi kwenye kituo cha kutazamia kreta. Gari linafika pale likiwa limepanda kwa gia ndogo na mzigo kamili, na dereva anazima injini papo hapo, kwa sababu wageni wanashuka kupiga picha na hakuna anayetaka mngurumo wala moshi. Kwa turbo hakuna tendo baya zaidi ya hilo. Kila uamuzi ulioandikwa hapa chini ulipimwa kwa swali hili: dakika kumi baada ya kuzima pale juu, beringi za turbo ziko kwenye hali gani?

Ingizo la 1: oili peke yake, au oili na maji

Turbo nyingi za dizeli hazina maji na zinadumu. Moshi wa dizeli iliyowekwa vizuri hukaa chini ya nyuzi 700 kabla ya kuingia turbo, wakati petroli hupita 900 bila taabu. Kwa hiyo fundi anayesema dizeli haihitaji turbo ya maji anasema kweli, ilimradi anazungumzia lori linaloingia yadi polepole na kuunguruma kidogo kabla ya kuzimwa. Gari la kwenye kituo cha kutazamia haliko hivyo.

Injini ikifanya kazi, oili ndiyo inayobeba joto la beringi. Ikizimwa, pampu ya oili inasimama na ndani ya turbo inabaki oili kidogo sana. Nyumba ya tabaini (upande wa turbo unaopitisha moshi) na manifoldi ni chuma kizito chenye joto la mamia ya nyuzi, na sehemu kubwa ya joto hilo inapita kwenye shafti na mwili wa kati. Ndiyo maana joto la beringi halianzi kushuka mara tu injini inapozimwa. Linapanda kwanza kwa dakika kadhaa. Oili iliyokwama inaungua na kuacha ganda gumu jeusi kwenye tundu la oili na kwenye mfereji wa pete ya upande wa tabaini. Ganda hilo likiongezeka safari hadi safari, tundu linapungua, beringi inakosa oili, shafti inaanza kucheza, na mabawa yanagusa nyumba. Mwenye gari atasema turbo imekufa ghafla. Haikufa ghafla.

Kuacha injini iungurume dakika mbili au tatu kabla ya kuzima ni dawa nzuri na haina gharama. Tatizo ni kwamba inategemea dereva akumbuke, na gari hili linaendeshwa na madereva wanaopokezana. Tumechagua turbo yenye maji, na kusubiri kumebaki kama agizo la ziada.

Ukubwa ulipigwa hesabu kabla ya kuangalia bei. Injini ya lita 4.164 kwenye mizunguko 3,600, ikijaza silinda kwa asilimia 85, inavuta mita za ujazo 6.4 kwa dakika. Tumejiwekea busti (shinikizo la ziada la hewa kutoka turbo) ya bar 0.55. Kwa Arusha, ambako shinikizo la hewa ni kama kPa 86, manifoldi ya hewa itakuwa na kPa 141. Ukitoa upotevu wa kwenye kichujio, uwiano wa shinikizo ni karibu 1.68. Kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70 itaitoa hewa ya nyuzi 30 ikiwa na nyuzi 99 hivi. Uzito wa hewa hiyo ni takriban kilo 8.4 kwa dakika, yaani ratili 18.5, kipimo ambacho chati nyingi za kompresa bado zinakitumia. Hapo inatosha turbo ya jamii ya Garrett GT28, yenye beringi za gololi na matundu mawili ya maji ya uzi wa M14×1.5. Kubwa kuliko hiyo ingechelewa kuamka kwenye mizunguko 1,600 hadi 2,000, ambako mlima unapandwa.

Ingizo la 2: afya ya injini kwanza

Turbo haiwekwi kwenye injini inayopuliza gesi kwenye maji. Silinda hedi ya 1HZ ikiwahi kuchemsha sana hupasuka kati ya viti vya valvu, na ufa mdogo unaweza kujificha hadi busti iongezeke. Kipimo cha dawa ya bluu kwenye mdomo wa rejeta ni cha lazima: dawa ikigeuka rangi, kuna gesi ya mwako ndani ya maji, na mradi unasimama hapo hadi hedi ifunguliwe. Pima pia kompresheni ya silinda zote sita. Tofauti kati ya silinda na silinda inaeleza mengi kuliko namba yenyewe. Halafu fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke mwingi unaosukuma kwa nguvu maana yake pete zimechoka, na shinikizo hilo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) litazuia oili ya turbo isishuke.

Gari hili limepita vipimo vyote vitatu. Noozeli zilipelekwa kupimwa, na zile zilizokuwa zinadondosha badala ya kupulizia zimebadilishwa. Noozeli inayodondosha huchoma pistoni hata bila turbo.

Ingizo la 3: njia ya maji

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo turbo nyingi za kufungwa gereji zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Fundi anafikiri juu ya pampu: achukue maji penye shinikizo, ayarudishe penye mvuto, basi. Injini ikiwa inafanya kazi, mpango huo unafaa. Lakini maji ya turbo kazi yake kubwa inaanza pampu ikisimama. Wakati huo kinachosogeza maji ni uzito wake tu: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi.

Nguvu hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maji ya nyuzi 85 yana uzito wa kilo 968.6 kwa mita ya ujazo, ya nyuzi 105 kilo 954.7. Kimo kutoka turbo hadi tangi la juu kwenye gari hili ni sentimita 25. Zidisha tofauti ya kilo 14 kwa 9.81 na kwa 0.25, unapata paskali 34. Huo ni uzito wa maji yenye kina cha milimita tatu na nusu, na ndio unaosukuma mzunguko mzima. Mpira ukipinda juu kisha ukashuka, hewa inakaa kwenye nundu na mzunguko unakufa. Mpira mwembamba wa milimita sita nao unabana. Kwa hiyo kipenyo cha ndani ni milimita 10 njia nzima, na kuanzia tundu la kutokea la turbo hadi tangini bomba linapanda tu, halishuki hata kidogo.

Njia tuliyoiweka ni hii. Maji yanachukuliwa kwenye plagi ya chini ya bloki, ile ya kumwagia maji, upande wa ekzosi. Yanaingia turbo kwa tundu la chini, yanatoka kwa tundu la juu, yanapanda hadi tangi dogo la alumini la lita 1.5 lililofungwa kwenye ukuta wa kabini, mahali pa juu kuliko kitu chochote chenye maji. Kutoka chini ya tangi yanashuka hadi kwenye bomba la kurudishia maji ya hita, ambalo linakwenda kwenye mvuto wa pampu. Wanaofungua Subaru zenye injini ya EJ ya turbo wanaufahamu mpango huu: tangi la kujazia maji liko juu ya turbo kwa sababu hiyohiyo.

Bomba kutoka turbo lazima liingie tangini chini ya usawa wa maji. Likiingia juu, mnyororo wa maji unakatika na tangi linageuka kuwa mapambo. Sehemu ya juu ya tangi inabaki na nafasi ya mvuke.

Kofia ya shinikizo imehamia kwenye tangi, kPa 88, na mdomo wa rejeta umefungwa kwa kofia isiyo na valvu. Kofia mbili za nguvu sawa kwenye mfumo mmoja zinagombana, na ile ya chini itatapika kwanza. Kutoka juu ya rejeta umepelekwa mpira mwembamba wa milimita 6 hadi tangini ili hewa ya rejeta ipate pa kutokea.

Mwili wa kati wa turbo umezungushwa kwenye mhimili wake ili matundu ya maji yakae kwa mshazari wa nyuzi 20 hivi, tundu la kutokea likiwa juu. Yakiwa sawa kwa sawa, povu la mvuke linanaswa ndani juu ya beringi, mahali pabaya kuliko pote. Mzunguko huo una kikomo, kwa sababu tundu la oili la kutokea lazima libaki likitazama chini, lisizidi nyuzi 35 kutoka wima.

Pampu ndogo ya umeme ya kuendelea kusukuma maji baada ya kuzima tuliifikiria. Magari mengi ya Volkswagen na Audi yenye turbo yanayo. Kwa gari la porini tumeikataa: ni nyaya, rilei, vumbi na mto wa kuvuka, na ikifa hakuna anayejua hadi turbo ife. Mahali inapostahili ni pale turbo inapokuwa juu kuliko tangi lolote linaloweza kuwekwa. Ukilazimika, angalia kwanza kama gari lako ni la volti 12 au 24, na rilei ya muda iwekwe kwenye dakika tano hadi kumi.

Ingizo la 4: fitingi na mipira

Uzi wa plagi ya bloki upimwe kwa geji ya nyuzi, usikisiwe kwa macho. Toyota hutumia uzi wa bomba wa koni wa jamii ya BSPT (kipimo cha Uingereza), na madukani fitingi nyingi ni NPT (kipimo cha Marekani). Kwa robo inchi na kwa tatu ya nane, BSPT ina nyuzi 19 kwa inchi, NPT ina 18. Pembe ya uzi ni digrii 55 dhidi ya 60. Fitingi isiyo yake inaingia mizunguko miwili au mitatu, inakaza, inaonekana imekaa. Injini ikipata moto inaanza kuvuja, na anayeikaza zaidi anapasua bloki. Hakuna tepu ya uzi inayotibu hilo.

Kwenye turbo zimetumika boliti za banjo (zenye tundu la kupitisha maji ndani yake) za M14×1.5 na washa mpya za shaba pande zote mbili. Washa za zamani zimeshabanwa na hazizibi tena vizuri. Kutoka turbo, sentimita 15 za kwanza ni bomba la chuma lenye kipenyo cha nje milimita 12 na unene wa milimita 1, likiwa na ukingo uliovimbishwa mwishoni ili mpira usichomoke. Mpira wa hita wa kawaida, EPDM, unavumilia joto la maji bila shida. Joto la nyumba ya tabaini linaloupiga usoni haulivumilii. Kati yao kuna karatasi ya chuma ya kukinga joto, ikiwa na nafasi ya hewa pande zote. Kinga inayogusa bomba inageuka kuwa pasi ya umeme.

Klampu ni za springi zinazofuata mpira unaponywea. Zile za skrubu hukazwa injini ikiwa baridi, kisha baada ya moto na baridi mara kadhaa zinaacha tone.

Boliti za banjo zina matundu madogo, na hayo yanatosha kubana mkondo pampu inapofanya kazi. Hilo ni jema, kwa sababu maji yanayopita kwenye turbo yanarudi kwenye pampu bila kupitia rejeta. Mkondo mkubwa mno ungelirudishia bloki maji ya moto.

Mkondo ulipimwa kwa kuchomoa mpira wa kuingilia tangini na kuuelekeza kwenye jagi lenye alama, injini ikiwa baridi na kwenye mizunguko 2,000. Lengo ni lita 4 kwa dakika au zaidi. Kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti (dawa ya kupozea) na maji, kila lita moja kwa dakika inayopanda nyuzi 10 inabeba karibu kW 0.6. Lita 4 ni kW 2.4.

Ingizo la 5: oili

Oili ya kuingia turbo ina kizuizi chenye tundu la milimita 0.9, kwa sababu beringi za gololi zinahitaji oili kidogo. Turbo ya beringi za bushi isiwekewe kizuizi hicho, itakauka. Ya kutokea inapita kwenye bomba la milimita 19 kwa ndani, inashuka moja kwa moja hadi sampu na kuingia juu ya usawa wa oili. Mpira wake usiwe EPDM wala silikoni ya kawaida. EPDM inavimba kwa oili, silikoni inatoa jasho la oili hadi inalegea. Tumia nitrili nzito au fluorokaboni. Moshi wa bluu baada ya kuteremka mlima mara nyingi ni dalili ya bomba hili kubanwa, na watu wengi wanabadilisha turbo nzima iliyokuwa bado nzuri.

Ingizo la 6: joto la injini ni hesabu nyingine

Watu hutarajia turbo ya maji ipoze injini. Haipozi. Wengine wanaogopa itaichemsha. Haiichemshi pia. Lita moja ya dizeli ina karibu kWh 10 za joto, kwa hiyo kila lita unayoongeza kwa saa ni kW 10 zaidi zinazoingia kwenye injini. Ukiongeza lita 4 kwa saa mlimani, ni kW 40 za ziada, na kwenye injini ya chemba ya awali robo yake au zaidi inaishia kwenye maji, yaani kW 10 na kuendelea. Linganisha na kW 2.4 za turbo. Gari likichemsha baada ya kuwekewa turbo, usitazame mpira wa turbo kwanza. Tazama skrubu ya pampu inayoongeza dizeli, na rejeta.

Rejeta ilitolewa na kupulizwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa. Mbegu za nyasi za Serengeti hujaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali ambapo mtu anayetazama kwa mbele haoni kitu. Pulizia hewa kavu kwanza. Ukianza na maji, vumbi linakuwa udongo na kukauka humohumo. Pembeni mwa rejeta zimewekwa sponji nzito ili hewa isipite kando. Kava la feni lilikuwa na ufa, limebadilishwa. Mabawa ya feni yanatakiwa yakae nusu ndani ya kava na nusu nje. Yakizama yote, hewa inazunguka palepale.

Klachi ya feni ilikuwa imechoka: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ilizunguka kwa kidole bila ukinzani. Imefunguliwa, ikaoshwa, ikajazwa upya mafuta ya silikoni ya Toyota ya mnato 10,000, yanayouzwa kwa vichupa vya mililita 18. Weka alama ya mahali springi ya bapa ilipokuwa imekaa kabla ya kufungua. Ukizidisha mafuta, feni inashika muda wote, inanguruma na kula dizeli bure.

Themostati imerudishwa mpya. Desturi ya kuitoa ili gari lisichemshe inatugusa sana kwa sababu imeua injini nyingi nzuri. Themostati ya valvu mbili, ikifunguka kuelekea rejeta, huku nyuma inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kuonana na rejeta. Kwenye barabara ya tambarare mshale unashuka na kila mtu anafurahi. Mlimani ndipo maji yanapokosa kupoa.

Kulanti ni nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Ukinunua dukani sema wazi unataka maji ya kuongezea betri, si asidi. Kofia nayo si jambo dogo kwa mlima huu. Kwenye mita 2,300 shinikizo la hewa ni kama kPa 76, na maji matupu kwenye chombo wazi yanachemka kwenye nyuzi 92. Kofia nzima ya kPa 88 inapandisha kiwango hicho hadi 114. Kofia iliyolegea inakuibia nyuzi ishirini na mbili pale unapozihitaji. Dereva atasema gari ni zima Arusha na linachemsha Ngorongoro tu. Anza na kofia.

Intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) haikuwekwa kwa sasa. Ingeshusha hewa kutoka nyuzi 99 hadi 55 hivi na kuongeza uzito wake kwa asilimia 10, ambayo ni faida ya kweli. Lakini mbele ya rejeta tayari kuna kondensa, na kipande cha tatu kingemimina joto lake kwenye rejeta ileile. Kwa busti ya 0.55 tunaona rejeta yenye hewa safi ina thamani zaidi.

Ingizo la 7: dizeli

Themokapo (kihisi cha joto kali) ya aina ya K imefungwa kwenye manifoldi, kabla ya turbo, mahali mikondo ya silinda inapokutana. Tundu lilitobolewa manifoldi ikiwa imetolewa garini. Chembe moja ya chuma ikibaki ndani inakula mabawa ya tabaini. Kikomo chetu ni nyuzi 680 kwa kupanda mfululizo, na 720 kwa sekunde chache tu. 1HZ ina uwiano wa mgandamizo unaozidi 22 kwa 1, imeumbwa kwa kazi isiyo na turbo, haina nafasi ya kuvumilia kama 1HD-T, injini ya Toyota ya turbo ya kiwandani, yenye 18.6.

Dizeli ni kinyume cha petroli: ikipata hewa nyingi kuliko mafuta inapoa, ikipata mafuta mengi kuliko hewa inawaka moto. Kwa hiyo skrubu ya pampu iliwekwa kwa kipimo cha juu ya mlima, wala si cha gereji. Springi ya westigeti (valvu inayopitisha moshi kando ya turbo ili busti isizidi) inasukuma dhidi ya hewa ya nje. Kwenye ukingo wa kreta busti hiyohiyo ya 0.55 inatoa kPa 131 tu badala ya 141 za Arusha. Mafuta yanayotoa moshi safi Arusha yatatoa mweusi kule juu, na joto litafuata. Skrubu inageuzwa kwa moja ya nane ya mzunguko kila mara, kisha gari linajaribiwa mlimani kabla ya kugusa tena. Robo mzunguko ni nyingi.

Ingizo la 8: kutoa hewa na jaribio la mlima

Kutoa hewa: gari lielekeze pua juu kwenye mteremko, hita iwe wazi kabisa, jaza kupitia tangi la juu polepole huku ukiminya mpira wa juu wa rejeta na ule wa turbo. Washa, acha ipate moto hadi themostati ifunguke, ongeza. Rudisha kiasi kilekile kilichomwagwa pamoja na lita 1.5 za tangi jipya. Kikipungua, kuna hewa bado ndani. Mlio wa maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi ni hewa kwenye hita.

Mshale wa dashibodi usitegemewe kwa jaribio, kwa sababu umetengenezwa kukaa katikati kwenye masafa marefu ya joto; ukianza kupanda, umechelewa. Imefungwa geji ya namba kwenye maji ya hedi, na vihisi viwili vidogo nje ya mabomba ya maji ya turbo, cha kuingia na cha kutoka, vikiwa vimefunikwa kwa tepu ya nyuzi za kioo.

Kutoka getini hadi ukingoni kwa mzigo kamili, moshi ulikaa kati ya nyuzi 640 na 670, maji ya hedi yakapanda hadi 96 na kusimama hapo feni iliposhika. Kisha injini ilizimwa mara moja, kwa makusudi, bila kusubiri, na vihisi vikasomwa kila nusu dakika. Tulichokuwa tunakitafuta ni bomba la kutoka liwe na joto zaidi kuliko la kuingia, na tangi lipate moto huku injini imelala. Yote mawili yalionekana: bomba la kutoka lilipanda mbele ya la kuingia ndani ya dakika ya kwanza, likakaa juu, kisha likaanza kushuka polepole. Hakukuwa na mlio wa kuchemka ndani ya turbo, wala maji kutoka kwenye kofia. Kama bomba la kutoka lingebaki na joto sawa na la kuingia huku turbo inatoa mlio wa vipovu, maana yake ingekuwa hewa imenaswa au bomba lina nundu, na hakuna kitu kingine cha kufanya ila kulipitisha upya.

Ukaguzi unaobaki kwenye ratiba

Baada ya moto wa kwanza, boliti za banjo zikazwe tena injini ikiwa baridi. Oili 15W-40 ya daraja la CI-4 na kichujio kila kilomita 5,000. Wakati huohuo shika mpira wa chini wa turbo na uangalie kama unasuguana na mguu wa injini, kwa sababu 1HZ inatikisika sana inapozimwa na mpira unasogea zaidi kuliko unavyoonekana injini ikiwa imetulia. Rejeta ipulizwe kila gari linaporudi kutoka Serengeti msimu wa nyasi kavu. Kofia ya tangi ipimwe kwa pampu ya shinikizo mara mbili kwa mwaka. Dawa ya bluu irudiwe baada ya kilomita 10,000 za kwanza za busti, hata kama gari halijapoteza tone la maji.